Kaa la Kulwa

Kama una nyama mdomoni, imeze kwanza ndipo tuendelee. Mimi sipendi kumtapisha mtu.

Jioni hiyo Shija alikuwa anakwenda kufanya kazi ya kawaida kabisa: kusafisha jiko la kuchomea nyama. Alibeba brashi ya waya, kipande cha bati cha kukwangulia, vitunguu viwili, na mafuta ya ng'ombe kwenye kopo la maziwa ya unga, vyote ndani ya mfuko wa salfeti. Jua lilikuwa linashuka. Njia nzima ya kwenda soko la Bariadi ilikuwa na pamba iliyodondoka kwenye malori, nyeupe nyeupe kwenye vumbi, watu wanaikanyaga tu. Shija ni fundi cherehani, kuchoma nyama hajui. Lakini jiko lile lilikuwa la kaka yake, na kaka yake walikuwa wamemzika siku kumi na tisa zilizopita.

Kaka huyo aliitwa Kulwa. Na ukisikia Kulwa ujue yupo Doto. Sisi Wasukuma mapacha hawatusumbui majina: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Ndiye huyu dada wa watu na mfuko wake wa salfeti.

Kulwa na Doto walichoma nyama miaka tisa kwenye banda la mzee Athumani, nyuma ya soko. Walifanana mpaka wateja wakakata tamaa, wakawa wanawaita wote wawili "pacha" na kuagiza nyama yao. Ila kazi waligawana. Jioni ya kufunga, Kulwa ndiye aliyelaza moto. Alichagua kaa moja kubwa, akalifukia kwenye majivu, akayapapasa majivu kwa mgongo wa mkono mara tatu, taratibu, kisha akafunika jiko. Asubuhi Doto ndiye aliyeuamsha. Alifukua, akapuliza, moto ukawaka. Kiberiti hawakujua kinauzwaje. Kulwa hakujua kuamsha na Doto hakujua kulaza, na ukiwauliza kwa nini, wanacheka.

Halafu Kulwa akagongwa na lori barabara ya Maswa. Hakufika hata hospitali.

Tangu walipotoka makaburini, Doto alishikwa na baridi. Siyo homa, jamani, baridi! Mchana wa saa nane, bati zinalia kwa jua, yeye ana sweta mbili na blanketi na meno yanagongana. Walimpima malaria, wakampima taifodi, wakampima sukari na damu na kila kitu kinachopimika. Hakuna. Daktari akaandika vidonge vya nguvu. Doto akaendelea kukonda, na kwa siku hizo kumi na tisa alikuwa amepungua mpaka pete ya ndoa mkewe Benedikta akaifunga uzi isidondoke.

Ndipo bibi yao, bibi Nyamizi wa kule Nkoma, akampigia Shija simu.

"Mwadila, mayu," alisalimia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, bibi."

"Nisikilize. Siku wale watoto walipozaliwa niliwasha moto mmoja. Mimi, kwa mikono yangu. Watoto wawili, moto mmoja. Mmoja akiondoka, kwenye ukoo wetu moto lazima umfikie aliyebaki. Nyie mmezika, mmeimba mapambio, mmekula wali, mmeondoka. Moto mmemwachia nani?"

"Bibi, jiko limefungwa tangu msiba. Kuna moto gani mle?"

"Upo."

"Bibi…"

"Upo, Shija! Fukua majivu kabla maji hayajagusa jiko. Ukiliona kaa, Doto aje mwenyewe, aingie kwa miguu yake. Umpe wewe, kwa mkono wako, kwa sababu wewe ndiye uliyewafuata tumboni. Ukimkosa, mayu, tutachimba kaburi la pili."

Shija ni mtu wa kwaya. Mambo haya huwa yanamkera, na angeyapuuza. Lakini asubuhi ile mzee Athumani alirudi kutoka Binza kwenye shughuli za dada yake, akasema amepata mchomaji mpya, Tajudin, anaanza kesho. Kesho saa kumi na mbili alfajiri jiko linaoshwa kwa maji na sabuni. "Mwanangu Shija," mzee alimwambia, "hayo mambo yenu mimi siyajui. Ila kama familia mnataka kulisafisha wenyewe, ufunguo huu hapa." Shija akautazama ule ufunguo, akamkumbuka Doto alivyoshindwa kushika kikombe, akauchukua.

Walipanga hivi: yeye atangulie, Benedikta amlete Doto kwa bodaboda kabla giza halijaingia.

Haya. Akafika.

Kufuli lilikuwa na vumbi. Ndani ya ua meza zilikuwa zimepinduliwa juu ya meza, na majani ya mwarobaini yametapakaa chini bila alama ya mguu wa mtu. Upande wa pili wa uzio wa mabati Rehana alikuwa anakaanga chipsi zake kama kila siku, mafuta yanalia chwaaa, redio inaimba. Shija alishukuru kumsikia mtu.

Jiko lilikuwa pembeni, pipa lililopasuliwa kwa urefu likafungiwa miguu ya chuma, limefunikwa bati. Akafunua. Harufu ikampiga: mafuta yaliyochacha, masizi, na kutu. Wavu wa nondo ulikuwa umeganda weusi, sisimizi wamejipanga juu yake. Shija akashika brashi akaanza kukwangua, maana yeye akiogopa huwa anafanya kazi.

Kwaruu… kwaruu… kwaruu…

Mabaki yalimenyeka vipande vipande. Akauinua wavu kwa shida, akauegemeza ukutani, akainama kuangalia majivu.

Majivu yalikuwa yamelala sawasawa, yamesawazishwa. Na katikati kulikuwa na mabonde matatu madogo, yamepangana.

Alama za mgongo wa mkono.

"Ni za siku ile ile," Shija alijiambia kwa sauti. "Alilaza, akaondoka, akagongwa. Basi." Akachukua bati lake, akaanza kufukua kwa ncha. Majivu ya juu yalikuwa ya baridi. Ya chini yalikuwa vuguvugu. Ya chini zaidi yakamchoma kidole, akaruka.

Likaonekana.

Kaa kubwa kama ngumi ya mtoto, jekundu, linapumua. Zaidi ya siku kumi na tisa, ndugu yangu! Mkaa wa wapi huo? Wa mti gani? Shija alisahau hofu yake yote, akaangua kilio cha furaha peke yake pale uani, machozi na masizi, akisema "asante Baba, asante Baba," kwa sababu kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kichwani mwake: Doto atapona.

Akatoa simu ampigie Benedikta. Kabla hajabonyeza, lango likalia.

Kriii…

Doto akaingia.

Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, peke yake, wala hakuegemea kitu. Alivaa shati tu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Sweta hana, blanketi hana. Shija alibaki mdomo wazi.

"Kaka! Umekuja bila sweta?"

"Nimekuja."

"Husikii baridi?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Benedikta yuko wapi?"

"Anakuja."

Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Mgonjwa wa wiki tatu ungetaka awe na sauti gani? Shija hakutaka kuuliza sana. Kaa limefukuliwa, mgonjwa amesimama. Bibi alisema kweli, na kumbe dawa ilikuwa imeshaanza kufanya kazi hata kabla ya kugusana. Hivyo ndivyo alivyoelewa. Na wewe ungeelewa hivyo hivyo, usijifanye mjanja.

Yule mtu akaenda moja kwa moja kwenye wavu. Akaokota brashi, akaanza kazi. Alisugua nondo moja moja, juu na chini, kwa nguvu ambayo Shija hakuwa ameiona mikononi mwa Doto tangu msiba. Akapindua wavu, akasugua upande wa pili. Akachukua kijiti, akazibua matundu ya hewa chini ya pipa, moja baada ya jingine, majivu yakadondoka puu… puu… puu. Akakata kitunguu kwa meno, akachovya kwenye mafuta ya ng'ombe, akapaka wavu mzima mpaka ukang'aa. Akaurudisha upande mmoja wa jiko, upande wa kaa akauacha wazi.

Shija alikuwa amekaa kwenye ndoo anamtazama, anajifuta macho. Akawa anamsimulia habari: mchomaji mpya anakuja kesho, lakini akipona mzee Athumani hawezi kumnyima kazi yake; cherehani imeharibika pedali; bibi anasalimia. Yule mtu alisikiliza. Mara moja tu alipopita karibu, Shija alisikia harufu ya udongo mbichi. Akafikiri, huenda alianguka njiani, maskini, na ameona haya kusema.

Adhana ya magharibi ikaanza msikitini. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Yule mtu akaweka brashi chini, akageuka, akatazama lango. Alilitazama kwa muda mrefu, kama kuna mtu anamsubiri upande ule.

Akasema neno moja.

"Kaa."

Shija akasimama haraka, akakung'uta sketi. "Ndiyo, ndiyo, kaka. Hili hapa." Akachukua koleo, akalibana kaa, akaliinua. Wekundu wake ukamulika uso wa yule mtu kuanzia kidevuni. Ulikuwa ni uso wa Doto kabla hajakonda. Mashavu yake yote yalikuwepo.

Yule mtu hakunyoosha mkono.

Alilitazama kaa. Akamtazama Shija. Akarudi nyuma hatua moja.

"Chukua," Shija akamwambia.

Akarudi nyuma hatua nyingine.

"Chukua, kaka! Bibi amesema nikupe mimi kwa mkono wangu. Chukua upone. Unaogopa nini?"

Akamfuata. Akamshika kiganja, akakifungua kwa nguvu, akaliweka kaa katikati ya kile kiganja.

Halikulia. Ngozi haikunuka. Na kile kiganja, alikisikia kwa vidole vyake, kilikuwa cha baridi kama nyama ya jana.

Doto angepuliza. Hilo ndilo lililomjia Shija kichwani wakati ule, kabla hajajua kwa nini linamjia. Mtu wa kuamsha akishika kaa, hata katikati ya mazungumzo, midomo inakwenda yenyewe. Huyu hakupuliza. Huyu aliinamia jiko, akachimba shimo kwenye majivu kwa vidole viwili, akaliweka kaa humo polepole, akalifukia. Halafu akageuza mkono.

Akapapasa.

Mara moja…

Mara mbili…

Mara tatu.

Shija alijua ule ni mkono wa nani.

Nje, honi ya pikipiki ikalia. "Shijaaa!" Ilikuwa sauti ya Benedikta, inahema. "Njoo unisaidie kumshusha, hajiwezi kabisa! Tumepata pancha pale njiani, wee acha tu!"

Shija aligeuka kutazama lango kwa nukta moja. Alipogeuka tena, ua ulikuwa mtupu. Majani ya mwarobaini yalikuwa na alama za miguu yake yeye peke yake.

Akajitupa kwenye jiko. Akachimba kwa mikono miwili. Alichimba kama mwendawazimu, majivu yakamjaa puani, kwenye nywele, mdomoni. Yalikuwa ya baridi. Yote, mpaka chini kwenye bati la pipa, ya baridi. Hakupata kaa. Hakupata hata kipande cheusi cha mkaa uliozimika.

"Shija! Unafanya nini huko?"

Sasa nisikilizeni vizuri, msije mkamhukumu dada wa watu. Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Lakini kupitia upenyo wa lango aliona kaka yake anashushwa kwenye pikipiki, sweta mbili, blanketi, kofia ya mtoto ya sufu kichwani, na anajitahidi kusimama wima kwa sababu aliambiwa aingie kwa miguu yake. Anatabasamu, masikini. Amekuja kuchukua uzima wake.

Shija akamwaga mafuta ya ng'ombe yaliyobaki, akashika lile kopo, akapenya kwenye pengo la uzio.

"Rehana, nipe moto. Haraka!"

Rehana akamtazama alivyojaa majivu, nusura adondoshe kijiko. "Toba! Shoga, vipi?"

"Nipe kaa moja tu. Usiniulize."

Rehana akambania kaa kutoka jikoni kwake, chini ya karai la chipsi, akamtumbukizia kwenye kopo. Shija akarudi mbio. Doto ndiyo kwanza alikuwa anavuka lango, hatua kwa hatua, ameshikilia nguzo.

"Lipo?" aliuliza. Meno yalikuwa yanagongana.

"Lipo, kaka," Shija akajibu. "Hili hapa." Akampa kwa mkono wake, kama bibi alivyosema.

Benedikta akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akashukuru kwa sauti mpaka dereva wa bodaboda akavua kofia.

Saa moja na nusu walikuwa nyumbani. Doto alikuwa kitandani ameegemea ukuta, kopo kalishika kifuani kwa mikono miwili, anapuliza. Kaa linawaka kidogo. Linafifia. Anapuliza tena. Benedikta alikuwa nje anakoroga uji na anaimba, mara ya kwanza tangu msiba. Shija alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa hata amenawa.

"Shija," Doto akanong'ona.

"Abee, kaka."

"Hili linanuka chipsi."

Shija akatazama sakafu. Utamdanganyaje mtu aliyelala na kuamka na mkaa miaka tisa?

"Alikuja?" Doto akauliza.

Machozi yakamtoka. Akaitikia kwa kichwa.

"Alionekanaje?"

"Mzima," Shija akasema. "Mzima kabisa. Alivaa shati tu. Alisafisha jiko lote, kaka, hata matundu."

Doto akatabasamu, na kutabasamu kule kukamuuma Shija kuliko kama angepigwa kofi. "Afadhali," alisema. "Nilikuwa nawaza kama na yeye anasikia baridi."

Akapuliza. Kaa likawaka, likafifia.

"Ukampa?"

"Nilidhani ni wewe. Aliniomba, nikampa. Hata alisita, kaka, mimi ndiye niliyemlazimisha. Nisamehe. Nisamehe, kaka yangu."

"Alikuombaje? Hebu niambie alivyosema."

"Alisema, kaa."

"Naomba kaa?"

"Hapana. Kaa. Basi. Alikuwa anatazama langoni."

Doto akaacha kupuliza. Nje mwiko uligonga sufuria.

"Kulwa hajawahi kuliita kaa," alisema mwishowe. "Tangu tunaanza kazi. Sisi wawili tulikuwa tunaliita mtoto. Mtoto kalala? Mtoto kaamka? Hivyo tu, kila siku."

Shija hakuelewa mara moja. Kisha lile neno likamrudia masikioni, lilivyotamkwa taratibu, na yule mtu alivyokuwa ameelekea njia ambayo Doto alikuwa anapita kuja. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anamwambia nduguye abaki, asimfuate.

"Kaka…"

"Usimwambie Benedikta," Doto akasema. Akaliinua kopo mpaka karibu na midomo, akaendelea kupuliza.